Pete Tatu kwenye Mpini

Mume wangu Gervas alikuwa na patasi kumi na saba, mimi nilikuwa na magauni manne. Silalamiki. Nasema tu ili ijulikane nani alikuwa na cha kujivunia katika nyumba ile ya Bowie, Marekani.

Nyumba yenyewe haikuwa yetu. Ilikuwa ya binti yetu Violet, mfanyakazi wa serikali ya huko, kazi ya kuondoka gizani na kurudi gizani. Alituleta Marekani mwaka wa tisini na sita, akatupa chumba cha chini chenye zulia, televisheni, na kidirisha cha juu ambacho ukitazama unaona mizizi ya majani, kama vile umeshazikwa ila hujaambiwa. Baba yake alikaa kwenye kochi miezi minne bila kusema neno lisilo la lazima. Mwezi wa tano Violet akaogopa. Akamnunulia mashine ya kukereza mbao, iliyokwisha kutumika, akaiweka kwenye gereji, na gari lake likaanza kulala nje. Siku hiyo mzee alikula sahani mbili.

Kwetu alikuwa amekereza miaka thelathini na moja katika karakana ya misheni: miguu ya vitanda, vinara vya altare, mipini ya kengele. Alifundishwa na Bruda mmoja wa Kijerumani ambaye hakucheka hata siku ya Pasaka. Karakana nzima ilikuwa na taa mbili, kwa hiyo Bruda aliwawekea mafundi sheria. Kila mmoja ajikerezee mwenyewe mipini ya patasi zake, na kwenye kila mpini akate pete, yaani vifereji vidogo vinavyozunguka mti. Pete moja maana yake chuma hiki usikiegemee, kipe kazi ndogo tu. Pete mbili, kiegemee kwa adabu. Pete tatu, kiegemee kama ukuta wa kanisa. Fundi akishika mpini, kidole gumba kinahesabu, na mkono unajua umwamini nani kabla macho hayajafika.

Gervas aliivusha sheria hiyo bahari pamoja na suti yake moja. Suti ililiwa na nondo. Sheria ilibaki.

Kila Jumamosi asubuhi alikuja Kiprotich, kijana wa Eldoret aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na siku yake ya mapumziko akaitumia kubeba wazee wengine, yaani sisi. Alituzungusha kwenye yadi seli, pale watu wanapotandaza mbele ya nyumba vitu walivyovichoka. Wengine walitafuta viti na vyombo vya jikoni. Gervas alitafuta chuma. Aliinua patasi kwa vidole viwili, akaigonga kwa ukucha, akasikiliza mlio. Iliyolia kwa muda mrefu aliiweka chini kama haimhusu. Iliyolia kama kijiko cha bati aliishika kwa mapenzi na kuiulizia bei. Mwenye vitu akishataja bei ya ile mbovu, mzee anashtuka, anasikitika, halafu anaridhika kuchukua ile nyingine kwa kujifariji. Ujanja huo nilimfundisha mimi. Yeye alikuwa mtu mwaminifu kabla hajanioa. Kiprotich ndiye aliyetafsiri, na katika kutafsiri alipunguza bei na kuongeza umri wetu. Kuna nyumba moja nilikuwa na miaka tisini na mbili.

Hivyo ndivyo patasi zilivyoongezeka. Nyingi zilikuwa za bei ya soda. Nyingine hazikuwa patasi kabisa zilipofika: springi ya gari, bisibisi pana, chuma cha kufungulia masanduku. Alizinoa, akazikerezea mipini, akazihukumu. Karibu zote zilipata pete moja. Tatu au nne zilipata mbili. Miaka miwili ilipita hakuna iliyopata tatu.

Mwezi wa tisa mwaka wa tisini na nane tulikwenda mpaka karibu na Upper Marlboro, kwa mjane mmoja aliyekuwa anauza vitu vya marehemu mumewe, mkulima wa tumbaku. Vyombo vyote vya mtu yule vilikuwa vimepangwa juu ya meza mbili, vimefutwa vumbi, na yule mama amekaa nyuma yake kama mtu anayesubiri kuulizwa swali. Gervas akachagua tupa moja nene, ya zamani, meno yameisha. Mjane hakutaka hela. Alisema kitu, na Kiprotich akatutafsiria kwamba anafurahi imepata mtu anayejua ni ya nini. Mimi na yule mjane tukatazamana. Nilikuwa na utani mzuri mdomoni kuhusu wanaume na vyuma vyao, nikaumeza.

Nyumbani Gervas aliisaga ile tupa meno yakaondoka, isipokuwa pale chini panapoingia mpini, akaizungusha pua ikawa kama ulimi wa ng'ombe. Ilikuwa patasi ya kukwangulia, ya kulainisha ndani ya bakuli. Akaipa mpini wenye pete moja. Aliniambia chuma cha tupa ni kigumu lakini hakina subira: ukikiegemea ndani ya shimo refu kinakatika kama muhogo mkavu.

Wiki mbili baadaye Violet aliacha hela za kuninunulia koti la baridi. Baba yake akasema atakwenda kulinunua yeye na Kiprotich, wanishtukize. Walikwenda Annandale, ng'ambo ya mto, kwenye duka la mafundi ambako vyuma vinalala kwenye vitambaa kama watoto wachanga. Wakarudi na kifurushi chembamba. Nikajua hapohapo kwamba koti haliwezi kuwa jembamba kiasi kile.

Ilikuwa patasi ya kukwangulia. Pua kama ulimi wa ng'ombe. Ukiiweka karibu na ile ya tupa, tofauti ni kama ya yai moja kwa uzito, na hela zote za koti langu kwa bei. Iliuzwa bila mpini, ndiyo maana aliimudu. Akaikerezea mpini wa mwaloni, na siku nzima nikasikia mashine inaimba. Jioni akaniwekea mpini mkononi. Nikahesabu kwa kidole. Tatu.

Mimi koti nililipata Jumamosi iliyofuata kwenye yadi seli, la kiume, la marehemu fulani, lenye leso yake mfukoni.

Sasa niseme habari ya macho. Gervas alikuwa na presha ya macho. Daktari alimpa dawa ya matone na kusema kwamba kinachopotea hakirudi. Kilichobaki ndicho kinacholindwa. Violet alinivuta pembeni jikoni. Akasema yeye hayupo mchana, baba yake hatasema ukweli hata kwa mtutu wa bunduki, na mashine ile inazunguka. "Mama, wewe ndiye unayemwona. Siku akiwa haoni, unaniambia. Nitaiondoa mashine, basi, hata akininunia." Nikamkubalia. Nilijua mashine ikiondoka kitakachobaki ni kochi, na kidirisha cha mizizi ya majani.

Kwa hiyo nilimchunguza. Alikuwa anaokota msumari sakafuni, anamimina chai bila kumwaga. Nikamwambia Violet baba yake anaona kuliko mimi.

Na lililotokea halikuanza na macho. Lilianza na koti. Kila mgeni aliyefika, Gervas alimpeleka gereji akamwonyesha ile ya Annandale, akisema chuma kizuri kinajitambulisha chenyewe mkononi, kwamba yeye hata akiamshwa usingizini ataijua. Alimwambia hivyo Kiprotich, akamwambia katekista wetu wa Misa ya Kiswahili, akaniambia mimi nikiwa nimevaa koti la marehemu. Basi Jumatatu moja, yeye anaoga, nikaingia gereji. Mipini yake hakuigundisha kwa gundi, aliipigilia tu, kama walivyofanya karakana. Nikaigonga miwili kwenye ngazi ya saruji ikachomoka. Chuma cha Annandale nikakivika pete moja, ile tupa ya Upper Marlboro nikaivika pete tatu. Nikapigilia kwa nyundo ya mti, nikarudisha kila kitu mahali pake, nikakaa kwenye ndoo nikifuma.

Nilitaka aishike, ashtuke, anitukane matusi ya Kijerumani ya Bruda, na mimi niseme: haya, koti langu. Hilo tu.

Akaja. Akapitisha mkono juu ya mipini kama mtu anayebariki. Kidole gumba kikasimama kwenye pete tatu. Akaichukua ile tupa, akaipima mkononi, akatikisa kichwa kwa raha. Mimi tumbo linauma kwa kicheko nilichokibana. Akawasha jiwe la umeme la kunolea.

Hapa mtu asiyekaa na mkereza mbao lazima aelezwe. Chuma rahisi kama cha tupa kikigusa jiwe hutoa cheche nyeupe, nyingi, zinazopasuka kama nyota. Chuma kama kile cha Annandale hutoa cheche chache, nyekundu ya kukolea, zinazoanguka kimya. Hata mimi wa darasa la nne nalijua hilo. Nikatega jicho.

Gereji nzima ikajaa nyota. Ziliruka mpaka kwenye makopo ya rangi, mpaka karibu na sufu yangu.

"Unaona, Mama Violet," Gervas akasema, uso wake juu ya jiwe. "Chache, nyekundu. Hiki ndicho chuma."

Kicheko changu hakikwenda popote. Kilikaa palepale tumboni kikapoa. Ndipo nikakumbuka kuwa msumari ule sakafuni ulikuwa umelia ulipoanguka. Na chai alikuwa anaimimina huku kidole chake kimeingia kidogo kikombeni. Nilikuwa nimemchunguza kama mpelelezi miezi miwili, na yeye alikuwa amenidanganya kwa kidole.

Nikisema mipini imebadilishwa, atajua hakuona cheche. Na atajua mimi najua. Na mimi nilikuwa nimeahidi kumwambia Violet. Nikaamua nitairudisha mipini kimya, mambo yaishe, na ya macho nitayafikiria siku nyingine. Ndivyo nilivyojidanganya.

Jumanne alipolala mchana nikaenda na ile yenye pete tatu kwenye ngazi. Haikuchomoka. Kila asubuhi yeye aligonga kitako cha mpini ili ukae imara, na ulikuwa umekaa. Niligonga mpaka nikasikia anaita. Nikaificha chini ya nguo chafu, nikasema moyoni: bora ipotee.

Jumatano aliitafuta kuanzia kifungua kinywa. Alipapasa meza, alipapasa sakafu kwa magoti, alitoa patasi zote na kuzirudisha, akahesabu kumi na sita, akahesabu tena. Mchana alikaa kwenye ndoo yangu, mikono magotini. Akaniuliza polepole kama nimeona siku za karibuni anasahausahau mambo. Kama kichwa chake kimeanza kuondoka. Aliuliza kama mtu anayeuliza nauli ya mahali asikotaka kwenda.

Sikuweza. Niliichukua chini ya nguo, nikaiangusha nyuma ya mashine, nikasema, si hii hapa. Akaishika kwa mikono miwili. 

Alhamisi alikuwa anamalizia bakuli la mwaloni, la maji ya baraka, ambalo katekista alimwomba kwa ajili ya Misa ya Majilio. Lilikuwa refu kama chungu. Nilisimama mlangoni. Nilimwambia chakula tayari, akasema bado. Nikamwambia chakula kinapoa, akasema kipoe. Nikamwambia tumia nyingine, hiyo imechoka. Akacheka, akasema pete tatu hazichoki, akaingiza chuma ndani kabisa ya shimo na kuegemea kwa bega.

Mlio wake haukuwa mkubwa. Kama mtu aliyevunja ufagio kwa goti. Bakuli likapasuka, mpini ukapasuka, kipande cha chuma kikapiga ukuta, na mkono wake wa kushoto ukawa mwekundu mpaka kiwiko.

Walimshona nyuzi kumi na moja kiganjani. Vidole viwili havikukunjika tena. Violet hakungoja nimwambie. Jumamosi alikuja mtu na pikapu akaichukua mashine, na jioni gari la Violet likalala ndani. Gervas alikuwa kwenye kochi anasikiliza mlango wa gereji ukishuka.

Alisema kitu kimoja tu wiki ile. Alimwita Kiprotich, akampa vipande viwili vya chuma ndani ya gazeti, avipeleke Annandale. Hakutaka hela. Alitaka mwenye duka aambiwe kuwa ameuza chuma cha uongo, na kwamba yeye Gervas, fundi wa miaka thelathini na moja, alikiamini.  Hakuwa anaulalamikia mkono uliokatwa. Alikuwa anaulalamikia mkono uliochagua.

Kiprotich hakufika hata barabarani. Alirudi jikoni na lile gazeti, akafunga mlango.

"Mama, mimi sitaki kuingilia mambo ya nyumba," akasema. "Lakini hii ni ile tupa ya yule mama wa Marlboro. Angalia hapa chini, penye ilikuwa imeingia kwa mpini, bado ina meno." Akanitazama. "Sasa niende dukani niseme nini?"

Nikamwambia aende kwake akalale. Akaenda, ameacha gazeti mezani. Yule kijana alijua kunyamaza. Wazee aliowahudumia walimfundisha.

Nilikaa na gazeti lile mpaka chai ikapoa. Ningeweza kulitupa. Ningeweza kusema duka limeomba radhi, na Gervas angekufa akimlaani mtu wa Annandale, mimi ningeitikia amina. Lakini alikuwa analala akijigeuza, anasema usingizini, nilichaguaje, nilichaguaje. Nikadhani ukweli utamrudishia angalau hilo. Nikashuka.

Nilimwambia yote: koti, ngazi, nguo chafu. Nikamwekea mkononi ile ya Annandale, nzima, ndani ya mpini wa pete moja. Aliipapasa kutoka puani mpaka kitakoni, na mara ya pili.

"Kwa hiyo sikuchagua vibaya," akasema.

"Hukuchagua vibaya, Baba Violet."

 Juu, Violet alikuwa anatembea kwa viatu vya kazi.

"Siku ile niliponoa. Cheche zilikuwa za rangi gani?"

Nilifikiria kudanganya. Maisha yangu yote nimedanganya kwa vitu vidogo na sijawahi kukosa maneno.

"Nyeupe," nikasema. "Zilijaa gereji."

"Mimi sikuona kitu. Nilisema nyekundu kwa sababu ndivyo zilivyotakiwa kuwa." Akaiweka patasi pembeni yake kwenye kochi. "Siku tatu naishika tupa, na mkono haukuniambia. Mkono, siyo macho." Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo linaloniamsha hadi leo: "Afadhali ungeniachia yule mtu wa duka."

Patasi kumi na tano zote alimpa Kiprotich, kwa sharti la karakana, kwamba kwanza anoe moja mbele yake. Kiprotich hakuwahi kunoa hata panga. Gervas alisikiliza chuma kikikwaruza jiwe kwa saa nzima, akasema imetosha, imetosha, chukua. Ile ya Annandale hakuitoa. Nilipotaka kuikatia mpini mwingine kwa fundi yeyote, alikataa. Ibaki na pete moja, akasema. Bakuli lililopasuka naweka vitunguu.

Majira ya baridi yakaingia, na mwanga uliobaki machoni pake ukaondoka nayo. Jumapili ya Misa ya Kiswahili Violet alitushusha mbele ya kanisa akaenda kutafuta pa kuegesha. Ngazi zilikuwa na barafu. Nikampa mkono. Aliushika kwenye kifundo, na kidole gumba kikakutana na bangili yangu ya shaba niliyokuja nayo kutoka kwetu. Akaizungusha.

"Pete moja," akasema.

Tukapanda hivyohivyo, yeye anajaribu kila ngazi kwa ncha ya kiatu, hajaniachia uzito hata kidogo.

Mwezi uliofuata nikaazima bangili mbili kwa Violet. Nikazivaa zote tatu, nikamtolea mkono palepale chini ya ngazi. Kidole gumba kikapanda, kikahesabu, kikarudi, kikahesabu tena. Watu walitupita wakitusalimia.

"Mama Violet," akasema, "huu mpini umebadilishwa."

 Barafu ilikuwepo, na hapakuwa na mkono mwingine. Akaegemea.